Kamera ya mapafu: ganzi, usingizi mwepesi au nusu kaputi?

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, kilo 56. Alivuta sigara kwa miaka kama 30, sasa ameacha. Ni mwezi wa pili anakohoa, na makohozi yana michirizi ya damu. Amepimwa kifua kikuu kwa GeneXpert mara mbili, hakuna kitu. Picha ya CT imeonyesha uvimbe juu ya pafu la kulia, na daktari anataka apigwe kamera ya mapafu achukuliwe kinyama. Hospitali ya kwanza wanasema watampulizia ganzi kooni na kumchoma sindano ya kumlegeza. Hospitali ya pili wanasema nusu kaputi kabisa, na gharama ni karibu mara mbili. Dada yangu anasema tuuze hata mbuzi tulipe nusu kaputi ili mzee asiteseke, maana hata akipiga mswaki hutaka kutapika. Mimi nimesikia wapo wasioamka. Baba ana presha, anameza amlodipini na aspirini ndogo, na akilala anakoroma mpaka nyumba nzima inasikia. Tuchague nini?"

Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Nyumbani kwenu kuna hofu mbili zinazovutana. Dada anaogopa baba atateseka, wewe unaogopa baba hataamka. Zote mbili zina mzizi wa kweli, ila nyote wawili mmeanzia kwenye dhana moja ambayo lazima tuiondoe kwanza: kwamba usingizi ukiwa mzito zaidi, mateso huwa kidogo zaidi. Kwenye bronkoskopi, yaani hiyo kamera ya mapafu, mambo hayaendi hivyo. Kinachomfanya mgonjwa aivumilie kamera ni ganzi. Usingizi ni msaidizi wake. Kwa maelezo uliyoleta, mpango wa hospitali ya kwanza ndio ningeanza nao kwa mzee wenu, kwa masharti nitakayoyataja. Na habari nzito kuliko zote kwenye barua yako wala si ya gharama. Ni ile ya kukoroma.

Kwanza tuelewane maneno, kwa sababu watu huyachanganya na ndipo ugomvi wa kifamilia unapoanzia. Ganzi inafisha hisia mahali ilipowekwa tu. Mtu yuko macho kabisa. Sindano ya kumlegeza ni usingizi mwepesi: anasinzia, lakini ukimwita "mzee, vuta pumzi" anavuta. Baada ya hapo kuna usingizi mzito, ambapo hata ukimtikisa anajibu kwa shida na pumzi inaweza kupungua. Mwisho ni nusu kaputi, ambapo hahisi lolote na mara nyingi anahitaji kupumuliwa. Hivi si vyumba vinne vyenye milango. Ni kama kuingia baharini kutoka ufukweni: maji ya vifundoni, ya kiunoni, ya kifuani, halafu hatua moja tu na miguu haigusi mchanga. Dawa ileile, kwa mzee wa kilo 56 ikasukumwa haraka, inaweza kumpeleka kilindini wakati kijana wa kilo 80 amebaki maji ya magoti. Ndiyo maana swali la "dawa gani" peke yake halitoshi.

Sasa hofu ya kuzibwa pumzi. Kamera ya kawaida ya kuchunguza mapafu ni mrija laini unaopinda, wenye unene wa milimita 5 hadi 6. Njia kuu ya hewa ya mwanaume mtu mzima ina upana wa milimita 15 hadi 20 hivi. Piga hesabu ya eneo, utaona kamera inachukua kama sehemu moja ya kumi ya njia. Hewa inapita pembeni. Hisia ya kukabwa ipo kweli, lakini inatoka kwenye koo na nyuzi za sauti zinazogutuka kwa kuguswa, na dawa yake ni ganzi iliyowekwa vizuri. Kipimo hiki kilianzia huko huko kwenye ganzi: mwaka 1897, mjini Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alitoa mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima kwa bomba gumu la chuma, mgonjwa akiwa macho, koo limepakwa kokeini. Mrija laini uliletwa na Mjapani Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960, kwa hiyo baba yenu ameponyoka bomba la chuma.

Ganzi inayotumika leo ni lidokeini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kipimo hufaulu au huharibika.

Koo halina neva moja tu. Nyuma ya ulimi kuna neva inayoleta hali ya kutaka kutapika, ileile inayomsumbua baba akipiga mswaki. Juu ya nyuzi za sauti kuna tawi jingine, na chini yake, kuelekea kwenye mapafu, kuna jingine tena linaloamsha kikohozi. Ukipulizia kooni tu ukaanza, mgonjwa atatulia mpaka kamera ifike kwenye nyuzi za sauti, kisha atalipuka kwa kukohoa, na watu watasema "ganzi haikushika". Ilishika, ila haikufikishwa kote. Utaratibu mzuri unakwenda kwa hatua: jeli ya asilimia 2 puani, mililita 5 au 6, mipulizo michache ya asilimia 10 kooni, halafu kupitia kamera yenyewe, daktari anadondosha mililita 2 za lidokeini ya asilimia 1 juu ya nyuzi za sauti, anasubiri, anadondosha nyingine chini yake, kisha kwenye njia ya kila pafu. Kusubiri ni sehemu ya dawa. Anayepulizia na kuingia hapohapo hajaipa lidokeini nafasi, maana inahitaji dakika kadhaa kushika.

Kila tone linahesabiwa. Miongozo mingi inaweka ukomo wa jumla kati ya miligramu 7 na 8.2 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 56 hiyo ni kama miligramu 390 hadi 460, na kwa mtu wa miaka 68 ni busara kukaa chini ya hapo. Sasa hesabu: jeli mililita 5 ya asilimia 2 ni miligramu 100. Mipulizo mitano ya asilimia 10 ni 50, kwa sababu kila mpulizo mmoja una miligramu 10. Madondosho sita ya mililita 2 za asilimia 1 ni 120. Jumla 270. Yupo salama na bado kuna nafasi. Lakini akitangulizwa mashine ya kuvuta mvuke yenye mililita 5 za asilimia 4, hizo ni 200 nyingine, na tumefika 470 bila mtu yeyote kuona kwamba amekosea. Tafiti za kuongeza lidokeini ya mvuke kwa mgonjwa ambaye tayari anapewa usingizi mwepesi hazikuonyesha faida ya kuridhisha, kwa hiyo mara nyingi ni kuongeza jumla bure. Pia asilimia 1 inatuliza kikohozi karibu sawa na asilimia 2, kwa nusu ya dawa. Lidokeini ikizidi, dalili huanza na ganzi kuzunguka midomo, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, misuli kucheza. Ikiendelea huleta degedege na moyo kwenda mrama. Mwenye ini bovu au moyo dhaifu hufika huko mapema zaidi.

Kwa mtu anayetapika kirahisi kama baba, kuna jambo dogo linalosaidia kuliko kuongeza usingizi: kamera ipitie puani. Njia ya pua inashuka nyuma ya ulimi bila kuugusa sana, kwa hiyo ile neva ya kutapika haichokozwi kama kamera inapopita mdomoni. (Na hawezi kuing'ata. Kamera iliyong'atwa ni hasara ambayo hakuna hospitali inayoitamani.) Pua ikiwa nyembamba au ina nyama, itabidi mdomoni kwa kutumia kizuizi cha meno. Wapo madaktari wanaochoma lidokeini moja kwa moja kwenye njia ya hewa kupitia mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Mgonjwa anakohoa mara moja, na kikohozi hicho kinaitawanya dawa juu na chini. Inafanya kazi vizuri mikononi mwa mzoefu, ingawa wagonjwa wengi huiogopa kwa kuisikia tu.

Je, ganzi peke yake inatosha? Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Mtu mtulivu anayefanyiwa uchunguzi wa dakika 10 bila kinyama anaweza kumaliza bila sindano yoyote ya usingizi, akaondoka kichwa kikiwa wazi. Kwa mtu mwenye mapafu mabovu sana, ambaye hata kusinzia kidogo kutamshusha oksijeni, huo ndio uchaguzi wa kwanza. Kwa baba mwenye hofu, koo jepesi na kinyama cha kuchukuliwa, ningemwongezea kitu.

Kitu hicho mara nyingi ni dawa mbili: midazolamu na fentanili. Kila moja ina kazi yake. Midazolamu inaondoa hofu na inafuta kumbukumbu, lakini haizuii kikohozi. Fentanili inazuia kikohozi na kutuliza maumivu, lakini haifuti kumbukumbu. Ukitumia midazolamu nyingi kupambana na kikohozi, utapata mgonjwa aliyelala fofofo na bado anakohoa. Hilo ni kosa la kawaida.

Kwa umri wa baba, ningetegemea kuona fentanili mikrogramu 25 zikitangulia, kisha midazolamu miligramu 1 ikisukumwa polepole kwa dakika mbili, halafu kungoja dakika mbili tatu kabla ya kuongeza nusu miligramu au moja. Kwa waliovuka miaka 60 ni nadra kuhitaji zaidi ya miligramu 3.5 kwa jumla, na zikiunganishwa dawa hizi mbili kiasi hupunguzwa zaidi, maana kila moja inaipa nguvu nyenzake katika kuzima pumzi. Kinachokwenda kombo karibu kila mara ni haraka: dawa imeingia, mgonjwa bado macho, mtu anaongeza, anaongeza tena, na dakika tano baadaye dozi zote tatu zinafika kwenye ubongo kwa pamoja. Kingine ni chupa. Midazolamu huja ikiwa na miligramu 1 kwa mililita, na pia ikiwa na miligramu 5 kwa mililita. Mililita moja ya chupa isiyo sahihi ni dozi mara tano. Timu makini huizimua yote kuwa miligramu 1 kwa mililita na kuandika kwenye bomba la sindano.

Faida kubwa ya dawa hizi mbili ni kwamba zina za kuzitengua. Flumazenili inaiondoa midazolamu, naloksoni inaiondoa fentanili. Tahadhari moja: flumazenili huisha mwilini mapema kuliko midazolamu, kwa hiyo aliyezinduliwa anaweza kusinzia tena baada ya saa moja. Hapaswi kurudishwa nyumbani eti kwa sababu amefumbua macho.

Kuna jambo la kumweleza dada. Wengi wanaosimulia kwamba "mimi nililazwa kabisa, sikusikia kitu" hawakupewa nusu kaputi. Walipewa midazolamu. Walikuwa wanaitikia wakiitwa, pengine walikohoa hata mara ishirini, kisha dawa ikafuta. Kwa hiyo kile dada anachomtakia baba, asibaki na kumbukumbu mbaya, kinaweza kupatikana kwenye mpango wa bei nafuu.

Kabla sijaenda mbele, hili ni kwa baba na kwa yeyote anayesoma: mwambieni daktari dawa zote anazotumia, bila aibu. Dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri, zile za atazanaviri au lopinaviri ambazo wengi hupewa kwenye mstari wa pili, huzuia ini kuivunja midazolamu. Dozi ya kawaida inageuka kuwa kubwa na usingizi unarefuka kwa saa nyingi. Wanaotumia dolutegraviri hawana tatizo hilo. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaharakisha kuivunja, na mgonjwa anaonekana "hashikiki". Mnywaji wa pombe wa kila siku naye huhitaji zaidi na huweza kuwa mkali badala ya kulala. Na mgonjwa akianza kujirusha katikati ya kipimo, asiongezewe dawa kabla ya kuangaliwa oksijeni. Ubongo unaokosa hewa nao hujirusha.

Tuje kwenye propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, ambayo huenda ndiyo hospitali ya pili wanayoifikiria. Sifa zake ni za kweli. Inalaza ndani ya sekunde 30 hadi 45, inaisha ndani ya dakika chache, na mgonjwa anaamka na kichwa chepesi kuliko wa midazolamu. Kasoro zake zinatoka hapohapo kwenye nguvu yake: nafasi kati ya kusinzia na kuacha kupumua ni finyu, inashusha presha, na haina dawa ya kuitengua. Ikizidi, tiba ni kumpumulia mgonjwa mpaka iishe. Kwa hiyo inahitaji mtu mwenye ujuzi wa kushika njia ya hewa ambaye hana kazi nyingine chumbani humo. Anayeendesha kamera hawezi kuwa ndiye anayetoa propofoli.

Ketamini inajulikana sana kwetu, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa sababu nzuri: inatuliza maumivu na kulaza huku pumzi ikiendelea, na inapanua njia za hewa, jambo zuri kwa mwenye pumu. Lakini kwenye bronkoskopi ina vikwazo vyake. Inaongeza mate, na mate ni adui wa kioo cha kamera. Inaweza kuzifanya nyuzi za sauti zijikaze na kufunga njia zinapochokozwa. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, na wengine huamka wakiona maruweruwe. Kwa kiasi kidogo pamoja na midazolamu hutumika vizuri mahali penye uzoefu. Kwa baba mwenye presha, isingekuwa chaguo langu la kwanza.

Deksmedetomidini huleta usingizi unaofanana na wa kawaida, pumzi haiguswi sana, ila huanza kwa dripu ya dakika 10, hupunguza mapigo ya moyo, na bei yake inaiweka mbali na wengi. Remimazolamu, ndugu mdogo wa midazolamu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inaisha haraka na flumazenili inaitengua. Ni dawa nzuri, lakini msichelewe kumpima baba kwa kuitafuta.

Nusu kaputi yenyewe ina mahali pake, na pakiwepo siyo anasa. Mtoto aliyevuta mbegu au punje ya karanga kwenye pafu, kamera ya chuma, kuweka kifaa cha kushikilia njia iliyobanwa, damu nyingi inayotoka kifuani, kuchukua kipande kikubwa cha pafu kwa kugandisha: hapo mgonjwa alazwe kabisa na njia yake ya hewa ilindwe. Kama kamera ni ile yenye kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye ncha, inayotumika kuchoma tezi za katikati ya kifua, ni nene zaidi, karibu milimita 7, hupita mdomoni na huchukua nusu saa au zaidi. Wengi huona raha kuifanya chini ya usingizi mzito. Hata hivyo, utafiti wa kulinganisha uliochapishwa Marekani mwaka 2015 haukuona kwamba nusu kaputi iliongeza majibu yaliyopatikana kuliko usingizi mwepesi. Waulizeni kama hospitali ya pili inapanga kutumia kamera hiyo. Kama ndiyo, pendekezo lao lina sababu ambayo barua yako haikuitaja.

Mkiamua nusu kaputi, kuna jambo la kifundi la kuuliza: watapitisha kamera kwenye nini? Mrija wa kumpumulia unapaswa kuwa na upana unaozidi kamera kwa angalau milimita 2. Kwa kamera ya karibu milimita 6, mrija namba 8. Ukiwa mwembamba, kamera inauziba na mgonjwa hapumuliki. Wengi hutumia barakoa laini inayokaa juu ya zoloto, pale penye nyuzi za sauti, na hiyo inafaa.

Sasa kukoroma. Mtu anayekoroma hivyo, hasa kama mama anasema kuna nyakati anakaa kimya kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, huenda koo lake linajifunga usingizini. Dawa ya usingizi inalegeza misuli ileile inayolegea usiku, kwa hiyo koo hujifunga mapema na kwa dozi ndogo. Hapo njia mbili zina mantiki: usingizi mwepesi sana juu ya ganzi nzuri, akiwa ameinuliwa nusu kukaa, au nusu kaputi kamili yenye mrija au barakoa ya zoloto. Kinachonitia wasiwasi ni kile cha katikati, usingizi mzito bila chochote cha kushikilia koo. Hospitali nyingine huita hicho "nusu kaputi" wakati wa kukuambia bei. Ulizeni kinaga ubaga: atawekewa kifaa kooni au hapana?

Wasioamka uliowasikia, kama habari ni za kweli, mara nyingi hawauawi na jina la dawa. Wanaachwa bila mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo, kwenye hospitali yoyote, nataka ujue nani kazi yake pekee ni kumtazama baba akipumua. Nataka kuwe na kipimo cha oksijeni kidoleni, presha inayopimwa kila dakika 5, oksijeni ya kutosha kwenye mtungi au ukutani, mashine ya kufyonza inayofanya kazi hata umeme ukikatika, mfuko na barakoa vya kumpumulia, na zile dawa mbili za kutengua zikiwa mezani, zisiwe za kufuatwa famasi. Kama watamlaza zaidi ya kusinzia, kuwe na kipimo cha hewa chafu anayotoa. Sababu ni hii: mtu anayepewa oksijeni puani anaweza kusoma 98 kidoleni huku pumzi zake zimekuwa chache na hewa chafu inajaa. Kidole huchelewa kusema. Tena imethibitishwa kwamba kwa ngozi nyeusi mashine ya kidole inaweza kusoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo 92 ya baba isichukuliwe kuwa "bado iko sawa". Rangi ya kucha na piko huivuruga pia, kwa akina mama wanaokwenda kupimwa.

Maandalizi. Kama kipimo ni saa 3 asubuhi, ale chakula cha jioni, na kuanzia saa 9 usiku asiweke chochote tumboni isipokuwa maji, ambayo anaweza kunywa hadi saa 1 asubuhi. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Amlodipini ameze asubuhi kwa funda la maji. Presha iliyopanda ni sababu ya kuahirishwa. Aspirini ndogo kwa kawaida haisimamishwi, ila klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla ya kuchukua kinyama, na aliyewekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo asisimamishe bila daktari wa moyo kusema. Kama alipata shambulio la moyo ndani ya wiki 4 hadi 6, kipimo kisogezwe. Meno ya bandia yavuliwe. Na wapange ishara ya mkono na daktari kabla ya kuanza, maana kamera ikiwa kati ya nyuzi za sauti hawezi kusema. Mgonjwa anayejua kwamba akiinua mkono watasimama huhitaji dawa pungufu.

Baada ya kipimo asile wala kunywa kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka koo lirudi. Aanze na vijiko vya maji akiwa amekaa. Akikohoa, angojee, kwa sababu koo lenye ganzi hupaliwa bila kujua. Asiendeshe chombo, asitie sahihi karatasi za mali, asikae peke yake kwa saa 24. Asipande bodaboda, hata kama abiria. Mtu anayesinzia hawezi kujishikilia. Kama mnatoka mbali, laleni mjini siku hiyo.

Homa ya jioni hiyo hiyo hutokea, hasa kama pafu lilioshwa kwa maji ya chumvi, na hupoa ndani ya siku moja kwa parasetamoli. Makohozi yenye damu kidogo kwa siku moja au mbili ni ya kawaida baada ya kinyama. Mrudisheni hospitali palepale, usiku au mchana, akitoa damu inayofika vijiko kadhaa, akipata maumivu ya ghafla ya kifua au kuhema kunakozidi, homa ikivuka siku ya pili, au akiwa na usingizi ambao mnashindwa kumzindua. Maumivu ya ghafla na kuhema ni dalili ya hewa kuvuja nje ya pafu, jambo linalowapata wachache katika kila mia wanaochukuliwa kinyama ndani kabisa ya pafu, na huweza kuonekana saa kadhaa baadaye.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuamua. Mtu lazima amfungue baba mdomo aone nafasi ya koo lake, asikilize moyo, apime oksijeni akiwa amekaa bila msaada, na aitazame ile CT kuona kama uvimbe unaigusa njia kuu ya hewa. Ukiwa unaibana, mpango wote unabadilika: kumlaza mtu wa namna hiyo bila maandalizi ni hatari, na hapo hospitali kubwa ya rufaa yenye daktari wa usingizi na kamera ya chuma mkononi ndiyo mahali pake. Akianza kutoa damu ya kikombe kabla ya siku ya kipimo, msingoje tarehe. Vinginevyo ombeni kumwona atakayempa usingizi siku moja au mbili kabla, nendeni na dada, na jambo la kwanza kumwambia liwe jinsi baba anavyokoroma.